Tulioshushwa Mlimani

Sisi tuliozaliwa kwenye milima ya magharibi ya Kilosa, miaka michache kabla ya 1950 na michache baada yake, tuna jambo letu peke yetu. Waliotutangulia walipanda. Wanaotufuata wameanza kupanda tena, kwa namna yao mpya ambayo nitaieleza. Sisi ndio tulioshushwa. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, na kwa kuwa wenzangu niliotelemka nao wanazidi kupungua, nimeona niliseme ningali na pumzi.

Ukisimama stesheni ya Kilosa na kutazama magharibi, Usagara ni ukuta. Reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, haikuupanda ukuta huo. Iliingia kwa mlango wa Mto Mkondoa, ikajipinda pamoja na mto kupitia Munisagara, Mzaganza na Kidete mpaka ikatokea Gulwe, upande wa Ugogo. Mlango huo ulikuwa njia kabla ya reli. Misafara ya pembe na ya watumwa iliutumia, na Stanley aliufuata mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Bondeni palipita bunduki na minyororo, na kutoka kusini Wahehe walikuwa wakija kuteka ng'ombe na watu. Mtu mwenye watoto alitazama juu akapanda. Huko alikuta ukungu wa kumficha, mwamba wa kumkinga na maji yasiyokauka, na akajenga. Babu zetu walipanda kwa sababu waliona bonde ni mahali pa hatari, na walikuwa sahihi.

Kila mtoto wa shule nchini anamjua Mangungo wa Msowero na mkataba aliousaini mbele ya Karl Peters mwaka 1884. Msowero ni ya kwetu Kilosa, chini ya milima ya Ukaguru. Nilipofundisha somo hilo niliwaambia watoto watoke nje ya darasa waitazame milima yenyewe, kwa sababu nasadiki kuwa wengi wa watu walioishi kule juu hawakuulizwa neno lolote siku hiyo. Jambo liliamuliwa bondeni, nao wakahesabiwa ndani yake. Nitalirudia hilo, maana halikutokea mara moja.

Kitongoji chetu kilikuwa mgongoni mwa mlima, nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi, zimetawanyika, kila moja na migomba yake na magimbi yake kando ya kijito. Ardhi ilifuata ukoo wa mama, kama ilivyo kwa Wakaguru, Wavidunda na Waluguru. Bibi mzaa mama ndiye aliyejua mipaka, na mipaka yenyewe ilikuwa maji: kutoka kijito hiki hadi kile. Kujua ardhi kulikuwa kujua maji, na maji waliyajua wanawake, kwa kuwa wao ndio walioyachota. Ninalisema hili kwa sababu watu wakisikia habari za kupanda mlima hufikiria wanaume. Njia za kwetu zilichongwa na nyayo za wanawake wenye mizigo kichwani.

Kupanda tulifundishwa mapema, na tulifundishwa kwa utaratibu. Penye udongo unaoteleza unakanyaga kwa ubavu wa unyayo na kugeuza mwili uelekee mlima. Penye mwamba unalijaribu jiwe kwa mkono kabla ya kuliegemea. Mzizi unauvuta kidogo kwanza. Ulio hai unarudi, mfu unabaki palepale ulipouvutia, na huo usiushike. Penye changarawe watu hawafuatani mmoja nyuma ya mwingine, wanapanda kwa mshazari, ili jiwe likiporomoka lisimkute aliye chini. Kuna mahali mikono ilifanya kazi kuliko miguu, tukipanda genge kwa magoti na vidole, mdogo akitangulia na mkubwa akifuata kumkinga. Ukungu ukishuka unakaa chini hapohapo, hata kama unajua nyumba yenu iko hatua chache mbele, mpaka uone tena miguu yako. Mvua ikinyesha kilele cha mbali, huvuki kijito hata kama ni chembamba, kwa sababu maji ya kule yako njiani.

Kushuka ndiko kulikokuwa kazi hasa. Msimu wa maharage mama zetu walijitwisha matenga juu ya ngata wakashuka alfajiri hadi stesheni, kwa wanunuzi, magoti yakibeba uzito wote njia nzima. Wanawake wa rika langu wengi wana magoti mabovu leo, na daktari anapouliza sababu hujibu kwa neno moja: mlima. Katambuga za tairi zilivaliwa na waliokuwa na fedha. Sisi wengine tulishuka peku.

Chemchemi ilikuwa na sheria zake. Tuliitambua kwa mkuyu, kwa mikindu, kwa aina fulani ya magugu mapana yasiyostawi pengine. Mkuyu wa chemchemi haukukatwa. Chungu chenye masizi hakikutumbukizwa majini. Ulichota kwa kibuyu kisafi ukamimina. Kabla ya masika wanawake wa ukoo walikwenda pamoja kuondoa majani na tope. Na juu zaidi palikuwa na msitu wa tambiko ambamo hata kuni kavu haziokotwi. Baadaye nilisikia watu wenye elimu wakiuita ushirikina. Mimi ni Mkristo na sifanyi tambiko, lakini najua kwa macho yangu kuwa msitu ule ulisimama kwa sababu ya katazo lile, na katazo lilipoondoka msitu nao uliondoka.

Uhuru ulitukuta kule juu. Nilikuwa mtoto wa shule. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro, na mwalimu wetu alitusimulia safari ile hatua kwa hatua kana kwamba alikuwa naye. Miaka miwili baadaye tukasikia kuwa Wakenya nao wamempandisha mtu wao, Kisoi Munyao, kupeleka bendera Mlima Kenya. Kwa watoto wa rika letu kilele kilikuwa mahali nchi inapozaliwa. Tulibeba vijinga vya moto jioni hadi kwenye mwinuko ulio nyuma ya shule, tukaimba, tukatazama taa chache za bondeni, na tukajiona kuwa ndio tulio karibu zaidi na Taifa jipya kuliko wale waliokaa chini.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kwamba mpaka mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia; kazi hiyo ndiyo iliyoitwa Operesheni Vijiji. Nilikuwa mwalimu kijana wa Daraja C. Sitasema nia ilikuwa mbaya. Niliifundisha ubaoni na niliiamini: watu waliotawanyika kilimani utawafikishiaje zahanati, bomba, shule, ghala? Na shule zilikuja kweli. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipotimia mwaka 1977 madarasa yetu yalifurika watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu. Wasichana niliowafundisha miaka ile ni wakunga, makatibu kata, wafanyabiashara. Anayesema Operesheni Vijiji haikuleta chochote hakuwepo.

Lakini nilikuwepo pia siku ya kushuka. Malori hayakuweza kufika kwetu, kwa hiyo watu walishuka kwa miguu kwa njia zilezile za maharage. Vikongwe walibebwa kwenye machela za miti. Mwenye mlango wa mbao aliubeba mgongoni, kwa sababu mlango ulikuwa mali. Kuku walifungwa miguu wakaning'inizwa kwenye fito. Nyuma yetu nyasi za paa ziling'olewa ili mtu asipate pa kurudi, na waliozing'oa walikuwa vijana wa kwetu wenyewe waliopewa kazi hiyo. Bibi yangu alishuka bila kusema neno. Alikuwa amebeba kibuyu cha kuchotea maji, na kule chini alikiweka juu ya kabati mpaka alipofariki, kwa maana maji ya bomba hayakihitaji.

Hakuna aliyetuuliza ni nani atakayesafisha chemchemi.

Hapo ndipo lilipo neno langu. Watu wakizungumza juu ya Operesheni Vijiji husema habari za mashamba yaliyoachwa na nyumba zilizobomolewa. Hayo yalikuwa hasara, lakini shamba hulimwa jingine na nyumba hujengwa nyingine. Kilichoachwa juu na hakikupata mtu wa kukishusha ni ujuzi wa mlima wenyewe: majina ya vijito, mahali pa kupita na mahali pa kukwepa, katazo lipi linalinda nini. Ujuzi wa namna hiyo haukai kichwani peke yake, unakaa miguuni. Ukiacha kupita njia, unaisahau. Watoto niliozaa mimi walikulia kwenye nyumba zilizopangwa mistari kando ya barabara. Mlima walikuwa wakiuona kila asubuhi na walifundishwa, nasi watu wazima tukiwa kimya, kwamba kule ni mahali pa zamani, pa watu wasioendelea. Baadaye watu walirudi kulima na kuchoma mkaa. Walipanda asubuhi na kushuka jioni, wengine wageni wa kutoka mbali, wengine wa kwetu, na hapakuwa na bibi wa kumwambia mtu kuwa mkuyu huu haukatwi.

Sasa niwaseme wanaopanda leo.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anafanya kazi Dar es Salaam na ana wenzake wanaokwenda milimani siku za mapumziko. Walianza na kilele cha Lupanga, juu ya mji wa Morogoro. Kisha walivuka mpaka wakaenda Mlima Kenya, wakapanda kwa njia ya Chogoria, na aliporudi alilala kwangu usiku mmoja akanieleza yote. Aliniambia kwanza juu ya Ziwa Ellis, lililotulia katikati ya nyasi ndefu, halafu bonde lenye kuta za mwamba na chini yake Ziwa Michaelson, jeusi asubuhi na bluu mchana. Juu zaidi kuna vijiziwa vidogo karibu na mahali wanapolala, na maji yake usiku huganda. Walianza safari ya kilele saa nane usiku, taa zikiwa vichwani, kwenye changarawe inayorudi nyuma kila unapokanyaga, na sehemu ya mwisho walikwea kwa mikono na magoti mpaka Lenana, meta 4,985. Alipofika alilia, na hakujua analilia nini.

Halafu akaniuliza: Bibi, kwa nini milima yetu haina maziwa?

Nililipenda swali lile kuliko simulizi yote, na jibu lake nilimpa kwa mambo niliyojifunza nikiwa mwalimu wa jiografia na kwa mambo niliyoyajua tangu utoto. Ziwa la juu mlimani huchimbwa na barafu. Mlima Kenya ni volkano ya kale; zama za baridi barafu kubwa iliteremka kutoka kileleni, ikakwangua mwamba, na ilipoyeyuka na kurudi nyuma ikaacha mashimo yaliyojaa maji. Barafu ilifanya kazi hiyohiyo Rwenzori, kwenye maziwa ya Bujuku na Kitandara, chini ya kilele cha Margherita chenye meta 5,109. Milima yetu ni jamaa nyingine. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya, ukashuka kwa Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho, Uluguru na Udzungwa hadi Mahenge. Haikutoka kwenye moto wa volkano. Ni mwamba wa kale sana ulioinuliwa ardhi ilipopasuka, mamilioni ya miaka kabla ya Kilimanjaro kuanza kutapika moto, na barafu haikuifunika. Kwa hiyo haina mashimo ya kuhifadhi maji.

Maji yake yako msituni. Mawingu yanatoka Bahari ya Hindi, yanapita juu ya tambarare yakiwa mepesi, yanagonga ukuta wetu na kupanda. Ukungu unashika kwenye majani, kwenye ndevu za miti, kwenye kuvu na majani yaliyooza yaliyorundikana hadi magotini, na vyote hivyo vinanyonya maji kama godoro la pamba lililoachwa mvuani, kisha vinayatoa kidogokidogo hata mwezi wa kumi, wakati bondeni vumbi linapanda hadi madirishani. Nilimwambia mjukuu wangu: hilo ndilo ziwa letu. Mtu anatembea ndani yake siku nzima, viatu vikilowa, na akishuka anasema hakuliona.

Kwa kuwa msitu huo umesimama muda mrefu mno bila kukauka, una viumbe ambao dunia nzima hawapatikani pengine. Kwenye Rubeho, hapa kwetu, watafiti walimkuta kwale wa msituni mwaka 2000, na anaishi milima hii tu. Mangabei wa Sanje, tumbili mkubwa wa Udzungwa, sayansi ilimjua mwaka 1979, ijapokuwa watu wa Sanje walimjua tangu zamani na walikuwa na jina lake. Sioni ajabu kwamba wataalamu walichelewa. Walikuwa wakipita kwenda kutazama wanyama wa tambarare.

Na tambarare yetu ni nzuri, siikatai. Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na abiria wa basi la Iringa anaona twiga na tembo bila kulipa kiingilio, akiwa ameketi kwenye kiti chake. Watu wachache wanaopita pale wanajua kuwa ndani ya hifadhi hiyohiyo kuna Malundwe, kilima chenye msitu wake juu, zaidi ya meta 1,200, ambacho nacho ni mtoto wa Tao la Mashariki. Ukitoka mji wa Mikumi ukashika njia ya Ifakara, unaiacha milima ya Vidunda, unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu penye bwawa la umeme, na kuanzia hapo Udzungwa inakusindikiza mkono wa kulia mpaka Mang'ula. Mjukuu wangu na wenzake walikwenda huko. Walipanda maporomoko ya Sanje, ambapo maji huanguka meta 170, na safari nyingine wakaenda kilele cha Mwanihana, siku tatu na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya tembo na nyati. Aliniambia Mwanihana ni fupi kuliko Lenana kwa mbali lakini ilimchosha karibu sawa, kwa sababu ya mizizi, matope na kupanda unakoshuka tena kabla ya kupanda. Nikacheka kwa furaha. Hiyo ndiyo milima ninayoijua.

Wenzangu wa rika, tukikaa barazani, hawakubaliani nami. Wanasema hawa watoto wanapoteza fedha kupanda mahali pasipo shamba wala mgonjwa wala harusi, na kushuka mikono mitupu. Mmoja, ambaye nilishuka naye siku ile, alisema kwa uchungu kwamba sisi tulishushwa kwa nguvu na wao wanalipa ili wapande. Naelewa uchungu wake. Lakini siwezi kuungana naye. Kwa miaka hamsini hakuna mtoto wa nchi hii aliyefundishwa kuwa mlima ni mahali pa kupendwa. Uliachwa kwa Wazungu wenye buti, na kwa wetu waliowabebea mizigo. Sasa binti wa Kitanzania anaacha kitanda chake kwa hiari, anapanda usiku kwenye baridi, na akifika juu analia. Moyo huo ndio tuliokuwa nao na vijinga vyetu vya moto. Sitausema vibaya.

Ninachowadai ni kingine. Nimeona picha zao. Kilele kipo, bendera ipo, ubao wenye meta upo. Niliwauliza majina ya vijito walivyovuka na hawakujua hata kimoja, na aliyewaongoza, kijana mzuri aliyesomea kazi hiyo, alikuwa ametoka mkoa mwingine. Mtu anaweza kuupenda mlima hivyo kwa miaka kumi bila kujua ukikauka nani atalala na kiu.

Kilosa tumeshalipa kwa kutokujua. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mkondoa ulivunja tuta lililojengwa tangu ukoloni, ukaingia mjini. Maelfu waliishi kwenye mahema. Reli ileile ya Mjerumani, kati ya Kilosa na Gulwe, ilisombwa, na treni ya abiria ikasimama kwa miezi. Watu walisema ni mvua. Mvua ilikuwepo, lakini mto ule ulikuwa umejaa mchanga miaka mingi, kitanda chake kikipanda mpaka karibu kulingana na mji, na mchanga haudondoki kutoka mawinguni. Mwingi ulitoka mbali, Ugogo na Mpwapwa, kwa mto Kinyasungwe. Mwingine ulitoka kwenye migongo ya milima yetu, pale ambapo ziwa letu la majani lilichomwa. Nilisimama kwenye kingo nikiangalia maji yenye rangi ya matofali, na nikajua udongo ule ni wa wapi, kwa sababu nimeulima.

Si kwamba hakuna lililofanyika. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuutungia kanuni. Tangu 2012 baadhi ya vijiji vya wilaya yetu vimo katika mpango wa mkaa endelevu: sehemu ndogo ya msitu wa kijiji inagawanywa vitalu, kitalu kilichokatwa kinaachwa kichipue miaka 24 kabla ya kuguswa tena, miti ya kando ya maji haiguswi, na ushuru unaingia kijijini. Kuna madarasa na zahanati zilizojengwa kwa fedha hiyo. Niliposoma kanuni zile kwenye mbao za matangazo niliona makatazo ya bibi yangu yameandikwa kwa lugha ya halmashauri, yakapigwa muhuri. Inawezekana, basi. Kijiji kinaweza kurudisha sheria juu ya mlima bila kurudisha watu kuishi huko.

Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, kijana anaondoka Dar es Salaam asubuhi na kufika Kilosa kabla ya saa sita mchana. Mlima uliokuwa mbali umesogea. Wengine watakuja, kundi baada ya kundi, na ni afadhali tuwe tumeshakubaliana kabla hawajafika. Kijijini kwetu jambo hili limeingia mkutanoni. Kuna wanaotaka njia ya zamani ya maharage ifunguliwe kwa wageni na kila anayepita alipe. Kuna wanaoogopa kwamba ikifunguliwa, siku moja msitu utachukuliwa na sisi tutakatazwa hata kuokota kuni, kama majirani wa hifadhi ya Udzungwa walivyokatazwa mwaka 2011. Hofu hiyo ina msingi na haipaswi kupuuzwa kwa kuitwa ubishi wa wazee.

Nilisimama nikasema yangu. Njia ifunguliwe, lakini chini ya kanuni za kijiji, ziandikwe na kupigwa muhuri kabla mgeni wa kwanza hajalipa shilingi. Mwongozaji awe mtoto wa hapa, na wanawake wawemo. Fedha ya kwanza isafishe chemchemi na kupanda mikuyu pale ilipokatwa. Na kabla ya yote, wazee tuliobaki tupandishwe hadi pale magoti yatakapofika, na pale yatakapokoma tukae tuwaelekeze vijana kwa kidole.

Mjukuu wangu na wenzake wamekubali kuja wakati wa kiangazi. Simu zao zinaweza kushika mahali palipo kijito na kukiwekea jina, na kazi hiyo wameipenda kuliko nilivyotarajia. Nimeshaanza kuwaandikia majina, upande wa mashariki kwanza, kutoka juu kwenda chini. Upande wa magharibi sikuuchota mimi; ulikuwa wa ukoo mwingine, na mwanamke mmoja tu wa ukoo huo ndiye aliye hai, anakaa kwa mwanawe Mikumi. Nimetuma salamu kwamba tunamhitaji wiki hiyo, na mwanawe amejibu kuwa atamleta kwa pikipiki mpaka barabara inapoishia.